Sandali za Mama za Kupandia Mlima

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, paa limeacha kuvuja tangu nilipombana yule fundi, na paka wa jirani amezaa tena chini ya ngazi zetu. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama. Mwambie wifi kile kitambaa alichonipa nimeshakishonea gauni, na limenikaa vizuri kuliko ninavyostahili.

Nakuandikia kwa sababu umenikatia simu mara mbili. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini kwanza utaifungua, na ukishaifungua utaisoma, maana nakujua, huwezi kulala bila kujua umesemwa nini.

Jambo lenyewe ni dogo, sijui kwa nini umelipandishia mori. Mama amestaafu. Miaka yote ile kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, amesimama juu ya saruji yenye maji, miguu ndani ya mabuti ya mpira, anakamua mashuka ya watu wasiomjua. Dirisha la pale kwenye meza ya kukunjia linatazama mlima. Ameutazama tangu mimi sijazaliwa na hajawahi kuukanyaga. Sasa amejiunga na kina mama wanaotembea kila Jumamosi. Kiongozi wao ni mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, wote wanamwita Kamanda. Mwezi wa Juni wanapanda mlima, na Mama anapanda nao.

Shida ni miguu. Kile kinundu cha kidole gumba kimekua, na vidole vingine vimelaliana. Kiatu cha kufunika hakiwezi. Anatembea kidogo tu, anakivua na kukibeba mkononi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali amemwambia avae sandali, zile za kupandia mlima, zenye kamba na soli ya meno. Madukani zipo za kila namna, na nyingine kwa bei yake ungedhani zinapanda zenyewe. Wewe ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha viatu. Tunachoomba ni utuchagulie aina nzuri ya bei ya watu kama sisi, au hata utuandikie mistari mitatu tu: tuangalie nini, tukwepe nini.

Hilo tu. Ulipokata simu nilikuwa bado sijafika hapo.

Mdogo wako wa mwisho,
Kitinda


23 Februari

Kitinda,

Salamu. Barua yako nimeipata. Sisi huku wazima. Watoto wamefungua shule, yule mdogo ameng'oka jino la mbele. Kiwandani kazi ni nyingi, mashine moja ya kubandika soli imekufa na wote wananitazama mimi kana kwamba nimeimeza.

Sasa unisikilize. Mama si mbuzi. Mtu aliyesimama maisha yake yote anatakiwa akae, hivyo ndivyo wenye akili zao wanavyofikiri. Wewe badala ya kumtafutia kiti unamtafutia mlima. Akiteleza, nani atambeba? Huyo Kamanda? Na majirani watasema nini? Kwamba mwanawe wa kiume yupo, ana kazi, ana nyumba, halafu mama yake anazurura kwenye mawe na kundi la wanawake wasio na wajukuu wa kulea?

Simu niliikata kwa sababu nilimsikia anacheka nyuma yako. Nilikuwa nazungumza jambo la maana na yeye anacheka.

Nimeshaamua. Mama aje kwangu. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, kina kitanda kizuri na dirisha. Watoto wanamuulizia kila siku. Mwisho wa Machi nitamkatia tiketi ya basi. Huku atapumzika, atakuwa karibu na wajukuu, na mimi nitakuwa na amani.

Kuhusu miguu yake, nimetuma kifurushi pamoja na barua hii, chenye kitu kinachomfaa mtu wa umri wake. Mpe.

Kaka yako


6 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi mzima. Paka wa jirani mzima. Salamu zimekwisha.

Kandambili! Umemtumia Mama kandambili za bafuni! Za plastiki, za buluu, zina picha ya samaki anayetabasamu. Mtu anayesimamia zamu nzima ya kiwanda cha viatu!

Nikueleze kifurushi chako kilivyofunguliwa, ili ukae ukijua. Kilifika Jumamosi. Wale kina mama wote walikuwa sebuleni kwetu, wametoka kutembea, miguu ina vumbi hadi magotini. Mama alipouona mwandiko wako alipiga makofi. Akawaambia, "Mwanangu ndiye anayetengeneza viatu, sasa mtaona." Akakata uzi kwa meno. Zilipotoka, Kamanda alicheka mpaka akashika mbavu, alidhani umefanya mzaha na sandali zenyewe ziko chini. Akalipindua boksi. Hakukuwa na kitu chini. Akaacha kucheka, na hilo mimi sitakusamehe. Mama akazichukua, akazipeleka mlangoni kwa bafu, akarudi na kusema, "Mwanangu ana haraka ya kuniona siwezi kuoga mwenyewe." Kisha akauliza nani anataka chai.

Hakulia. Ningependa nikuambie alilia, labda ungeona haya.

Kiti unachosema nimtafutie anacho, na anakikalia anapotaka. Na huyo Kamanda unayemdharau ndiye aliyekutoa tumboni ukitanguliza miguu. Anasema ulikuwa mbishi tangu siku hiyo.

Sandali nitanunua mwenyewe. Macho ninayo, na soko lipo.

Mama anauliza mbona wifi hasalimii. Umetaja jino la mtoto na mashine ya soli, yeye hukumtaja. Mwambie atuandikie japo mstari.

Kitinda


2 Aprili

Kitinda,

Msalimie Mama. Watoto hawajambo.

Tiketi ya Mama iko ofisi ya basi tangu wiki iliyopita, na wananiambia hakuna aliyekwenda hata kuiulizia. Mnanifanya mimi mjinga mbele ya watu.

Wifi yako yuko kwao kidogo. Ana mambo ya nyumbani kwao.

Kandambili zile ni imara. Mimi mwenyewe navaa za namna hiyo hiyo. Na usinifundishe kumtunza mama. Yeye akiwa zamu, nani alikuwa anakubeba mgongoni na kukupikia uji wenye mabonge? Sahau ukitaka.

Tiketi naibadilisha iwe ya mwisho wa mwezi huu. Asipokuja, tutajuana.

Kaka yako


20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama ameniagiza nisikuandikie. Naandika wakati amejilaza, mguu wake juu ya mito miwili.

Sandali nilinunua. Nilizunguka soko zima. Nikafika kwa mwanamume mmoja mwenye maneno matamu, akaishika sandali akaikunja mpaka kisigino kikabusu vidole, akasema, "Unaona, dada yangu? Laini kama mkate." Nikaona kweli, miguu ya Mama inataka kitu laini. Zilikuwa za kahawia, zina vifungo vinavyong'aa, na bei yake ilinifurahisha. Mama alizivaa ndani siku nzima, akasema zinamkaa kama alizaliwa nazo.

Jumamosi iliyopita walikwenda kwenye kilima cha machimbo ya zamani ya mawe, kujizoeza kuteremka. Kupanda hakukuwa na shida. Kwenye kuteremka, kamba ya kisigino ya mguu wa kulia ikabanduka kwenye soli, safi kabisa, kama stempu kwenye bahasha iliyolowa. Mguu ukaenda mbele, sandali ikabaki nyuma. Mama akaanguka kwa ubavu.

Hajavunjika. Kifundo kimevimba, kiganja kimechubuka, na upande mmoja wa paja umekuwa wa zambarau. Walimteremsha kwa kupokezana, Kamanda akiwa mbele anayatukana mawe. Daktari amekataza asikwee hata ngazi mpaka uvimbe uishe.

Nilirudi kwa yule muuzaji nikamtupia sandali zake mezani. Unajua alisemaje? "Dada, hizi ni za kwendea harusini. Nani alikutuma mlimani nazo?" Watu wakacheka. Nilitoka pale nikitaka kumpindulia ile meza. Halafu njiani nikakumbuka kwamba nina kaka, na kaka huyo analipwa mshahara kila mwezi kwa kutazama kama kamba imeshika. Mistari mitatu, kaka! Tuliomba mistari mitatu. Wewe ukatuma samaki anayetabasamu.

Sikuombi kitu tena.

Kitinda


29 Aprili

Kitinda!

Nilisema! Sikusema? Nilisema!

Mama hajambo kweli au unanificha? Kichwa hakugonga? Kiganja ni cha mkono upi? Nijibu hayo kwanza.

Halafu wewe! Nani mwenye akili timamu anamnunulia mtu mzima sandali inayokunjika kama mkate? Soli ya kupandia mlima ikunjike mbele tu, pale vidole vinapokunjika, katikati ikatae! Ishike ncha mbili uisokote kama unakamua nguo. Ikikubali, irudishe mezani uondoke. Wewe ukatazama vifungo vinavyong'aa! Ungetazama kamba inaingia wapi. Kamba iliyobandikwa pembeni kwa gundi ni kamba ya kupigia picha. Kamba ya kweli inapita kati ya soli mbili na ina mshono unaouona kwa macho yako. Unaishika, unaivuta kwa nguvu zako zote, na muuzaji akikasirika ujue ana sababu. Meno ya soli yawe yametengana na yana kina, tope lipate pa kutokea, yasiwe michoro tu. Mbele pawe na ukingo wa kukinga vidole. Na mguu wake uliupima wakati gani? Asubuhi, najua, hata usiniambie. Mguu unapimwa jioni, umeshatembea na kutanuka, mtu amesimama juu ya karatasi, penseli imesimama wima! Hata mfagiaji wa kiwanda chetu anajua. Na kuhusu bei, zile za bei kubwa mara nyingi unalipia maandishi ya pembeni. Zipo za bei ya chini zisizoua watu. Ungeuliza!

Basi, imetosha. Nakuja kumchukua mwenyewe, na sitaki kusikia habari za Kamanda. Mimi huku naamka kabla ya majogoo, nafua sare, nasuka nywele za mtoto mpaka vidole vinaniingia ganzi na bado mwalimu ananiita kuniambia amefika shule kichwa kama kichaka, watoto wanakula mkate na chai mpaka wanaulizana leo ni siku gani, nakwenda kazini na shati lisilopigwa pasi, na wewe huko unamchezea mama kwenye mawe! Atakuja hapa, na mambo yatakaa sawa.

Kaka yako


8 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri. Anafika dukani na kurudi, kwa fimbo anayoichukia. Kichwa hakugonga. Kiganja ni cha kushoto.

Umetuma kurasa mbili za matusi na ndani yake mna kila kitu tulichokuomba mwezi wa pili. "Ungeuliza"! Mimi niliuliza kwa simu, nikauliza kwa barua. Sikujua kwamba ilibidi kwanza Mama aanguke.

Nina swali moja. Kwa nini wewe ndiye unayesuka nywele za mtoto?

Usijisumbue kujibu, nimempigia wifi. Alilia, kisha akanieleza. Kumbe yuko kwa dada yake tangu Desemba. "Kwao kidogo"! Kumbe pale kiwanda cha nguo walimpandisha cheo, asimamie mstari mzima wa washonaji. Na wewe, badala ya kufurahi, ulikwenda mpaka langoni kwao, ukamwita bosi wake, ukamwambia mbele ya walinzi kwamba mke wako hakitaki hicho cheo, ana jiko la kusimamia. Yeye amesimama palepale anasikia. Akakipokea cheo hivyo hivyo, na jioni yake akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Sasa watoto wake anawaona Jumapili, kwenye benchi la bustani, kama mtu aliyekuja kutazama wagonjwa.

Kwa hiyo kile chumba ulichokipaka rangi si cha kupumzikia. Ulikuwa unangoja Mama astaafu. Atoke kwenye mashuka ya hospitali aingie kwenye ya kwako, na huko hata mshahara hakuna. Wala usiniambie uliogopa atateleza. Uliogopa kwamba mtu akishaweza kupanda mlima, siku moja ataweza kukuambia hapana.

Ndiyo, nimemwambia Mama. Na barua yako nimemsomea, yote. Nilidhani atakutetea kama kawaida yake. Aliichukua ile barua, akaigeuzageuza. Halafu akaniuliza, "Huyo mtoto anamsuka vipi? Mistari au mafundo?"

Nikamwambia sijui.

"Hajui kugawa nywele," akasema. "Anavuta. Ndiyo maana vidole vinakufa ganzi. Nitakwenda nimwonyeshe. Lakini kwanza napanda mlima, na nikienda kwake nitarudi."

Ilikuwa jioni, ametoka dukani na ile fimbo. Akasimama katikati ya sebule, akaniambia nilete penseli. Nikahangaika kutafuta karatasi kubwa. Akasema, "Tumia barua yake. Nyuma iko wazi."

Basi miguu yake imo humu ndani. Wa kulia uko nyuma ya ukurasa wako wa kwanza, wa kushoto nyuma ya wa pili. Ukitaka kusoma tena uliyoyaandika, geuza. Sandali ya namna gani inaweza kuingia hapo, wewe ndiye fundi. Kama utatuma kandambili nyingine, nitazichoma moto barabarani na nitawaambia wapita njia ni za nani.

Na usije kumchukua. Mlango nitaufunga, kufunga milango nimejifunza kwako.

Kitinda


27 Mei

Kitinda,

Usiniandikie tena kuhusu mke wangu. Ya watu wawili wanayajua watu wawili. Na ulikuwa na haki gani ya kumsomea Mama? Yale niliyaandika kwako.

Karatasi nimezipata. Sikujua kidole gumba kimefika huko. Sikumbuki mara ya mwisho niliutazama lini mguu wake. Nyumbani alikuwa anaingia na mabuti, analala, anatoka na mabuti. Nilizipeleka kazini nikaziweka mezani, na mkata ngozi wetu, mtu asiyejua kufunga mdomo, akauliza ni nani huyu aliyesimamishwa hivi. Nikamwambia afanye kazi yake. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye magunia ya mpira mpaka wakaja kuniita.

Sandali zimo kwenye kifurushi. Nimezinunua mlango wa nyuma wa kiwanda, pale tunapouza zenye kasoro ya sura. Moja ni ya kijivu na ya pili ni kijivu kilichochoka. Miguu haina macho. Soli ni ileile tunayoweka kwenye zile za madirishani. Kamba ziko tatu na zote zinafunguka, uvimbe ukija azilegeze. Ile ya mbele ilikuwa inapita juu ya kinundu, nimeihamisha na kuishona upya kwa mkono, mara mbili. Nimeifunga kwenye nguzo nikaivuta kwa uzito wangu wote. Imekataa.

Azivae ndani kwanza, na soksi nyembamba. Kisha barabarani, kisha kwenye kokoto, ndipo mlimani. Kwenye kuteremka akaze ya kisigino. Akisikia moto mahali popote kwenye mguu asimame hapo hapo, asione aibu kuwachelewesha wenzake.

Hii haina maana kwamba nimekubali. Atakwenda tu, mlivyo nawajua, na mimi sitaki kuletewa tena habari kwamba kamba imebanduka.

Kaka yako


19 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama ni mzima. Kamba hazikubanduka. Nimeanza na hilo, maana najua macho yako yalikuwa yanalitafuta.

Walipanda Jumamosi. Na mimi nilikwenda, kumchunga. Nilikuwa nimejinunulia mabuti mapya ya kufunika, ya bei, nikajiona mpandaji. Tulianza kabla jua halijawaka. Njia inapita kwanza kwenye msitu, ardhi laini, watu wanapiga soga. Halafu kuna kijito. Sisi wenye mabuti tukaanza kurukaruka juu ya mawe kama vyura, tukitetemeka. Mama akaingia tu majini na sandali zake, akavuka, akasimama ng'ambo akitutazama huku maji yanamchuruzika. "Mnangoja daraja?" akasema.

Baada ya msitu ni mawe matupu. Mimi kisigino kilianza kuwaka nikanyamaza, kwa kiburi, sikutaka kuonekana. Tulipofika kwenye kibanda cha walinzi wa msitu, soksi yangu ilikuwa imelowa damu. Nikavua buti nikakaa. Mama akainama akatazama malengelenge yangu. "Hukusoma barua ya kaka yako?" akaniuliza. "Alisema usimame." Akanifunga kitambaa chake cha kichwa, akaniachia maji na yai la kuchemsha, akachukua ile fimbo. Nikamwambia, "Mama, tungoje wote hapa, inatosha, umefika mbali." Akanigeukia, kaka, na sura aliyonitazama nayo sijawahi kuiona. "Hata wewe?" akasema. Akaondoka na Kamanda.

Nilikaa pale nina hasira na kila kitu, na buti, na wewe, na mimi mwenyewe, kwa kuwa nilisikia sauti yako imetoka kinywani mwangu. Wingu likashuka likawafunika. Lilipoondoka niliwaona juu kabisa, vitu vidogo vidogo vinavyosogea, nikawa sijui yupi ni wangu.

Waliporudi, jua lilikuwa limeshapita utosini. Mama alikuwa anateremka upande upande, kamba ya kisigino ameikaza, haharakishi. Nikamuuliza ameona nini huko juu. Akakaa, akafikiri.

"Nimeiona hospitali," akasema. "Nimeitafuta sana. Ni kadogo, kaka yako angeweza kukafunika kwa soli moja." Kisha akaomba maji.

Sasa anataka niandike kama anavyosema, neno kwa neno. Amesimama nyuma yangu anatazama kalamu.

"Mwanangu. Sandali ni nzuri. Umeshona vizuri. Nitakuja Julai na nitakaa wiki mbili. Sitafua na sitapika. Nitacheza na wajukuu wangu, na nitakufundisha kusuka. Kabla sijapanda basi, uende kwenye lango lile lile ulikosema maneno yale, useme mengine. Usiseme Mama kanituma. Mimi nilisimama kwenye saruji ili nyinyi mle. Sikusimama pale ili ukue, uwe wa kuwafungia watu mlango. Mkeo akirudi, ni yeye. Asiporudi, ni yeye. Ukiniomba mimi nikae mahali pake, nitakataa, na sasa unajua ninaweza."

Ameridhika, amekwenda kukaa nje. Mimi la kuongeza sina, ila kwamba hasira yangu na wewe bado iko palepale, na nilikuonea huruma kidogo tu, siku nilipousoma ule mstari wa magunia ya mpira.

Kitinda


3 Julai

Kitinda,

Naandika juu ya goti, nimekaa kwenye ukingo wa mtaro mbele ya kiwanda cha nguo. Watoto nimewaacha kwa jirani. Hawajambo. Mwambie Mama nimefurahi kwamba amefika juu. Jana nilianza kuandika hilo nikakuta naandika maneno mengine, nikaichana karatasi.

Nilikuja hapa kwanza juzi. Mlinzi ni yule yule. Alinitambua, akaita mwenzake aje atazame. Nikaomba kumwona bosi. Wakaningojesha juani, na najua walifanya makusudi. Bosi alipotoka nikamwambia kwamba maneno niliyoyasema Desemba nayarudisha, sikuwa na haki ya kuyasema. Nilikuwa nimeyapanga marefu, yakatoka hayo tu. Akanitazama kama mtu anayesubiri mzigo umalizike kushushwa. Akasema, "Mimi hukunipunguzia kitu. Yule ni msimamizi wangu bora. Kamwambie mwenyewe." Walinzi wakacheka waziwazi.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaunguruma. Nilitaka niwaachie lango lao. Nilifika mpaka kona ile, nikarudi. Nikamwachia mlinzi ujumbe wa wifi yako, kwamba leo zamu ikiisha nitakuwa hapa nje, akitaka. Jibu lilikuja jana: nisiingie ndani, nisipaze sauti, na nisije na watoto ili wamlainishe.

Kurudi hajasema atarudi. Usimwambie Mama kwamba anarudi, wala usianze kumpigia simu.

Na usidhani mimi yameniisha. Nina hasira na wewe kwa kunipekulia nyumba yangu kwa simu. Nina hasira na Mama kwa kunisema kwa kalamu yako. Nina hasira na wifi yako, maana miezi yote hii ameishi na mimi sipo, na ameweza. Nimekaa hapa napanga nianze na lipi akitoka, na kila ninalolishika nikilisikiliza ni sauti ile ile ya Desemba. Nimeyatupa yote. Sasa sina la kusema hata moja, na jasho linanitoka kama mtu anayengoja kufanyiwa upasuaji.

Tiketi ya Mama ni ya tarehe kumi na mbili, kiti cha dirishani. Ya kurudi nimeshaikata, ziko kwenye bahasha moja. Nitakuwa stendi mapema. Mwambie aje.

Kengele imelia. Washonaji wanaanza kutoka, wananitazama. Yeye atakuwa wa mwisho, msimamizi ndiye anayefunga. Naishia hapa, nasimama.

Kaka yako